Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Vyama vya Wanafunzi na Sherehe za Mwaka katika Sekondari Msingi, Lamu

Majibu haya ni ya wazazi, walezi na walimu wapya wa Gredi ya 7, 8 na 9 katika mji wa Lamu, Shela, Matondoni, Kipungani na ng'ambo ya Mokowe. Shule zinatofautiana kwa idadi ya wanafunzi na uwezo, lakini bahari ni moja na mwezi ni mmoja, kwa hivyo mengi yaliyoandikwa hapa yatafaa popote visiwani.

Kwa nini shule haibandiki tarehe zote za sherehe mwezi wa Januari?

Kwa sababu shule ya Lamu inafuata kalenda tatu. Ya kwanza ni ya Wizara ya Elimu, yenye mihula mitatu. Ya pili ni ya mwezi, ndiyo inayoamua Ramadhani, Idd na Maulidi. Ya tatu ni ya bahari: maji kujaa na kupwa, na pepo za kusi na kaskazi. Shughuli nyingi zinazoharibika huwa hazikukosa pesa; aliyezipanga alitazama ile ya kwanza peke yake.

Mwaka wa Hijria ni mfupi kuliko mwaka wa jua kwa siku 10 hadi 12. Idd iliyoangukia katikati ya muhula mwaka huu, baada ya miaka mitatu itakuwa imesogea nyuma karibu mwezi mzima, na huenda ikaangukia likizoni. Ndiyo maana huwezi kuchukua ratiba ya miaka mitatu iliyopita ukabadilisha mwaka pale juu. Anza upya kila Disemba: chora miezi ya Hijria juu ya mihula, uone Mfungo Mosi (Idd ndogo), Mfungo Tatu (Idd kubwa) na Mfungo Sita (Maulidi) zinaangukia wapi.

Kwenye ubao wa matangazo andika aina mbili za tarehe. Zipo zisizobadilika, kama Siku ya Mazingira Duniani 5 Juni, Siku ya Mtoto wa Afrika 16 Juni, Siku ya Kiswahili Duniani 7 Julai, Siku ya Mashujaa 20 Oktoba. Na zipo za kuandama kwa mwezi. Hizo acha pengo la siku moja mbele na moja nyuma, na usilipie nyama wala boti kabla mwezi haujatangazwa.

Bahari inaingiaje katika ratiba ya shule?

Inaingia kila mahali. Wakati wa kupanda mikoko, wakati wa kuogelea, hata saa ya boti kuegesha Mokowe, vyote vinategemea maji. Mwalimu aliyetoka bara anaweza kupanga "Jumamosi saa nne asubuhi" akidhani saa nne ni saa nne. Hapa saa nne ya leo maji yamekupwa, na saa nne ya wiki ijayo maji yamejaa.

Kanuni ya kukadiria ni hii. Karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu ni bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, na kupwa kwenyewe hufika mwisho karibu saa nne au saa tano asubuhi. Siku saba hivi baadaye, mwezi ukiwa nusu, ni maji mafu: tofauti ya kujaa na kupwa ni ndogo, mkondo ni hafifu, na asubuhi saa nne hivi maji huwa yamejaa. Kila siku nyakati hizi husogea mbele kwa takriban dakika 50. Kwa siku yenyewe tumia jedwali la maji la mwaka huo au muulize nahodha. Kanuni hii ni ya kuchagua wiki tu.

Kwa hiyo shughuli za matopeni na mikokoni ziwekwe kwenye bamvua asubuhi, na kuogelea kuwekwe kwenye maji mafu asubuhi. Ukigeuza, utapata watoto 40 wenye miche mikononi wamesimama mbele ya maji ya kifuani.

Mtoto wangu ajiunge na vyama vingapi?

Kimoja cha kudumu na kimoja cha msimu. Cha kudumu ni kama skauti, mazingira, 4-K au Kiswahili, kinachokutana kila wiki mwaka mzima. Cha msimu ni drama, kwaya, kasida (nyimbo za kumsifu Mtume) au timu ya mpira, ambacho huwa na wiki sita hadi nane za kazi nzito kisha kikapumzika. Mtoto aliyejiandikisha vinne hukosa mazoezi ya vyote, halafu siku ya tamasha nafasi yake hupewa aliyehudhuria, na nyumbani huonekana kama ameonewa.

Vyama vinakutana saa ngapi? Mtoto ana chuo jioni.

Saa ya chuo haiguswi. Watoto wengi hapa huenda madrasa baada ya shule, na chama kinachogongana na chuo hufa kabla ya muhula kuisha, hata kiwe na mwalimu hodari vipi. Vipindi vya vyama viwekwe ndani ya siku ya shule, mara moja kwa wiki, au mara baada ya masomo kwa dakika 40 zisizozidi. Mazoezi ya ziada kabla ya tamasha yapangwe Jumamosi baada ya kuzungumza na walimu wa madrasa za mtaa. Mwalimu wa shule aende mwenyewe. Barua aliyopewa mtoto apeleke hukaa mkobani.

Skauti na 4-K ni vya nini hasa?

Katika skauti wa Kenya, watoto wa miaka 11 hadi 14 ni Chipukizi na wa 15 hadi 17 ni Mwamba, kwa hivyo darasa moja la Gredi ya 9 linaweza kuwa na wa makundi yote mawili. Sare si sharti la kuanza. Skafu inatosha muhula wa kwanza. 4-K ni kifupi cha "Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya", na kazi yake ni kilimo. Kwenye mchanga wa kisiwani bustani ya ardhini hunywa maji yote, kwa hivyo tumia magunia: changanya ndoo mbili za mchanga wa juu na ndoo moja ya samadi ya punda iliyokaa angalau miezi mitatu. Samadi mbichi huunguza miche na huleta magugu. Maji ya kisima chenye chumvi yajaribiwe kwanza kwenye gunia moja la mchicha kabla ya kumwagia yote.

Wakati wa Ramadhani shughuli zinasimama?

Zinapungua. Mbio, mpira na gwaride husitishwa. Wanaofunga hawawekwi juani. Vyama vya kukaa huendelea: bao, uandishi, uchoraji, hati za Kiarabu, mazoezi ya kasida kwa sauti ya chini. Wanafunzi wasiofunga, wakiwemo Wakristo kutoka Mpeketoni, Witu na kwingineko, hupewa chumba cha kulia chakula chao bila kufichwa kama wakosaji. Jambo hili mwalimu wa zamu alisimamie mwenyewe wiki ya kwanza, maana utani wa watoto juu ya nani kafunga na nani hakufunga huanza siku hiyo hiyo.

Shule ikitaka kuandaa futari ya pamoja, vipimo ni vipi?

Kwa watu 100 wa umri huu: tende kilo 3, zinazotosha tatu tatu kwa kila mmoja, mbaazi kavu kilo 10, nazi 20 hadi 25 kutegemea ukubwa, na mahamri 300. Kilo moja ya unga hutoa mahamri 25 hivi ya ukubwa wa kawaida, kwa hivyo kilo 12 za unga. Maji ya kunywa lita 100, na sharubati ya ukwaju au ya ndimu lita 30.

Mbaazi ndizo zinazoharibika, na sababu ni tui. Wapishi wenye haraka humaliza kupika saa nane, hufunika sufuria ikiwa moto, na mpaka magharibi mbaazi zimechacha. Fanya hivi: loweka mbaazi usiku kucha, zichemshe asubuhi kwa maji na chumvi mpaka ziive, mwaga maji yaliyobaki na uziache zipoe zikiwa wazi chini ya kitambaa chepesi. Saa kumi jioni zirudishe motoni na tui jepesi, kisha tui zito mwisho kabisa, moto mdogo, ukikoroga bila kuacha lichemke kwa nguvu. Tui likichemka sana hukatika, mafuta yakaelea na maji yakabaki chini. Nazi nazo zikunwe siku hiyo hiyo. Mabaki yasigawiwe watoto wapeleke nyumbani. Yaliwe pale au yatupwe.

Hakikisha mtoto ana njia ya kurudi kwao. Boti ya kwenda Shela au Matondoni baada ya isha haikubaliki kwa wanafunzi wasio na mzazi. Watoto wa vijijini hufuturishwa vijijini kwao, shule ikapeleka vyakula, jambo ambalo majirani hulipenda zaidi.

Idd inasherehekewa shuleni siku gani?

Si siku ya Idd yenyewe. Hiyo ni ya nyumbani. Shule hufanya hafla yake siku ya masomo ya kwanza au ya pili baada ya kurudi, kuanzia saa nne asubuhi hadi adhuhuri. Kila darasa huleta jambo moja: kasida, shairi, mchezo mfupi, maonyesho ya mavazi. Jambo moja kwa darasa ni kikomo, si mwanzo. Madarasa yakiruhusiwa mawili mawili, wa Gredi ya 9 huishia kuimba huku watoto wote wakitazama sufuria.

Kuhusu sufuria: pilau ya watu 100 ni mchele kilo 10, nyama kilo 6, viazi kilo 5, vitunguu kilo 3 na mafuta lita moja na nusu. Igawanye katika sufuria mbili za kilo tano tano. Sufuria moja ya kilo kumi huungua chini na kubaki mbichi juu, kwa sababu mpishi hawezi kugeuza kina kile. Vitunguu vikaangwe mpaka viwe rangi ya kahawia iliyoiva. Hiyo ndiyo rangi ya pilau, na anayevitoa mapema hujaribu kufidia kwa bizari nyingi, pilau ikawa chungu.

Wanafunzi wasio Waislamu wanashiriki?

Wanakaribishwa katika hafla zote, hawalazimishwi katika ibada yoyote. Kusoma shairi, kupamba, kugawa chakula, kupiga picha: kazi zipo. Krismasi na Pasaka kwa kawaida huangukia likizoni, kwa hivyo shule iweke wimbo au igizo la Krismasi katika hafla ya kufunga muhula wa tatu. Mtoto akiona siku yake imekumbukwa, na siku ya mwenzake huja kwa furaha.

Zefe ya Maulidi ya wanafunzi inaandaliwaje?

Maulidi ya Lamu hukusanya wageni kutoka pwani nzima na ng'ambo, na kitovu chake ni Msikiti wa Riyadha ulioasisiwa na Habib Swaleh. Shule haishindani na hayo. Inachofanya ni kuwafundisha wanafunzi kasida na adabu ya zefe, yaani msafara wa kuimba njiani, na kuwa na zefe yake fupi siku nyingine ya Mfungo Sita, kwa idhini ya wazee wa mtaa na wa msikiti wa karibu. Mwezi huo ukiangukia likizoni, kama inavyotokea miaka kadhaa mfululizo, zefe ya shule huachwa na watoto hutoka na vyuo vyao.

Anza wiki sita kabla. Wiki mbili za kwanza ni maneno tu, bila ngoma, mpaka kila mtoto anaijua kasida kwa moyo. Wiki mbili zinazofuata ongeza makofi, kisha matari, ngoma za mkononi za ngozi ambazo wengi hapa huziita matwari. Wiki mbili za mwisho ni kutembea huku wakiimba. Hili la mwisho hudharauliwa, na ndilo linalovunja zefe. Watoto waliokaa kitako wakaimba vizuri hupoteza pumzi wakianza kutembea, walio mbele wanakimbia, walio nyuma wanabaki ubeti mmoja. Dawa ni matari kukaa katikati ya msafara, si mbele. Kwa watoto 40, matari manne hadi sita yanatosha. Yakizidi, sauti za watoto hazisikiki.

Ngozi ya tari hulegea kwa unyevu wa jioni. Iote moto kabla ya kuanza, ukiizungusha juu ya makaa kwa umbali wa mkono mmoja hivi, na uipige kwa kidole kusikiliza mpaka ilie sawa. Ukiisogeza karibu ili iwahi, ngozi hupasuka pale kwenye ukingo. Beba tari moja la akiba.

Njia yenyewe: vichochoro vya mji mkongwe vinapita watu wawili kwa shida pahali pengine, na punda mwenye mzigo wa mchanga hana breki. Panga safu za wawili wawili, weka mtu mzima kila baada ya watoto kumi, na tuma kijana mmoja mbele kuwaomba wenye punda wangoje kwenye kona pana. Toka baada ya sala ya alasiri, jua likiwa limeshuka nyuma ya nyumba. Safari isizidi nusu saa, imalizikie mahali penye nafasi na maji ya kunywa. Uwanja wa Mkunguni mbele ya Ngome hupendwa, ila uombwe mapema. Wavulana huvaa kanzu na kofia. Kanzu inayoburuta ikunjwe na kushonwa uzi, kwani mawe ya vichochoro huteleza na mtoto aliyekanyaga pindo huanguka na wenzake.

Wasichana wanaruhusiwa katika kasida?

Ndiyo, huwa na kikundi chao na mwalimu wao wa kike. Wazazi wengi hupendelea watumbuize ndani ya shule mbele ya wazazi, wengine hawana tatizo na hadhara. Ulizeni kikao cha wazazi muhula wa kwanza, muandike jibu, msikisie.

Hina ya Idd na ya sherehe nyingine ipakwe shuleni?

Hina ya majani, ndiyo. Piko nyeusi, hapana, kabisa. Piko inayouzwa mara nyingi huwa na unga wa rangi ya nywele, na dawa iliyomo huweza kuunguza ngozi: malengelenge baada ya siku moja hadi kadhaa, alama isiyotoka kwa miezi, na mwili kuikataa rangi ya nywele maisha yote. Mtoto aliyepakwa mara ya kwanza bila madhara anaweza kuungua mara ya pili, kwa hivyo "mbona mwaka jana hakufanya kitu" si hoja.

Gramu 100 za unga wa hina uliochekechwa huchanganywa na maji ya ndimu mpaka uwe mzito kama uji, ukafunikwa saa sita au zaidi hadi uanze kutoa rangi. Kipimo hicho hutosha viganja 20 vya maua mepesi. Hina halisi huanza na rangi ya chungwa na kuiva kuwa nyekundu ya kahawia kesho yake. Iliyo nyeusi tangu dakika ya kwanza si hina.

Je, wanafunzi huingia mashindano ya mashua na kuogelea?

Mashua wanatazama. Mashindano ya matanga katika mlango wa bahari kati ya Lamu na Manda ni ya mabaharia wazima, na tanga likigeuka ghafla foromali (mti unaobeba tanga) hupiga kichwa. Wanaotaka kujifunza wapelekwe Matondoni kuona mashua zikiundwa na kukarabatiwa. Muda wa saa mbili pale una mafunzo mengi ya hesabu, mbao na historia kuliko wiki ya darasani.

Kuogelea kunawezekana kwa masharti. Chagua maji mafu, asubuhi, maji yakiwa yamejaa na kutulia kabla ya kuanza kupwa. Umbali mita 50, sambamba na ufuo, kamwe si kuelekea kilindini. Kamba yenye maboya iwekwe upande wa nje. Waogeleaji sita kwa mkupuo mmoja, waangalizi wanne wanaojua kuogelea ndani ya maji, na mashua moja yenye mashini ikingoja. Hesabu watoto wakiingia na wakitoka, kwa sauti, kwa majina. Kuzaliwa kisiwani hakumfanyi mtoto kuwa muogeleaji. Wengi wa kike hasa hawakupata kufundishwa. Kila mmoja ajaribiwe kwenye maji ya kiunoni wiki moja kabla.

Angalizo kwa Idd: mwezi mwandamo ni bamvua, na jioni ya Idd Mosi maji hujaa mpaka juu karibu saa kumi au kumi na moja, saa ambayo watoto wamevaa nguo mpya na wana pesa za Idd mikononi, wakirukaruka gatini. Mkondo wa bamvua una nguvu. Wazazi wawe karibu saa hiyo.

Na mbio za punda?

Shule haiandikishi mwanafunzi kupanda punda katika mbio. Chama cha mazingira hufanya siku ya afya ya punda badala yake: kukagua kwato, vidonda vya mgongoni vinavyoletwa na soji (matandiko ya mizigo) chakavu, na kumpa maji kabla ya mzigo.

Kupanda mikoko kunahitaji nini?

Hapa ndipo chama cha mazingira cha Lamu kinaweza kufanya kazi kubwa kuliko cha shule yoyote bara. Zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya iko kaunti hii. Boriti za nyumba za kale za mji zinatoka humo, na upana wa vyumba vile vyembamba umefuata urefu wa boriti. Samaki na kaa huanzia maisha humo.

Kwanza ruhusa na mahali. Ongea na maafisa wa misitu na kikundi cha jamii kinachotunza msitu huo. Wao wanajua palipokatwa na panapojirudia penyewe. Usipande kwenye mchanga mtupu wala juu ya nyasi za baharini ambapo mikoko haikuwahi kuwapo. Upandaji mwingi wa siku za sherehe hufa kwa sababu hii moja: mahali palichaguliwa kwa kuwa peupe na pazuri kwa picha.

Pili, aina. Mlilana husimama mbele kabisa, kwenye maji. Mkoko hufuata, kisha muia na mkandaa, na mchu huvumilia hata sehemu za nyuma zenye chumvi kali. Kwa wanafunzi anzeni na mkoko, kwa kuwa mbegu yake ni ndefu kama fimbo, huchomekwa moja kwa moja na haihitaji kitalu. Mbegu iliyokomaa huonyesha pete ya manjano pale inapoungana na tunda, na hung'oka kwa kuizungusha kidogo tu. Inayogoma haijakomaa, iacheni. Tupeni zenye matundu ya wadudu. Zihifadhiwe kivulini chini ya gunia bichi, zipandwe ndani ya siku chache.

Siku ya kupanda, fikeni muda wa saa moja na nusu kabla ya maji kupwa kabisa. Chomeka theluthi moja ya mbegu matopeni, ncha iliyochongoka chini, chipukizi juu. Mbegu iliyopinduliwa ndilo kosa la kwanza la watoto, na haioti. Nafasi ni mita moja kila upande. Kateni kamba yenye mafundo kila mita muitandaze. Wanafunzi 40 wakipanda mbegu 20 kila mmoja ni mbegu 800, yaani mita za mraba 800, na saa moja na nusu inatosha. Viatu vya zamani vilivyofungwa kamba ni lazima: chaza na vigingi hukata nyayo, na ndara hubaki matopeni kwa hatua ya tatu.

Rudini baada ya wiki mbili, miezi mitatu na mwaka mmoja, mkihesabu iliyo hai. Ikifa kwa mafungu, tafuteni sababu: kaa hukata shina changa, mchanga hufunika, mbuzi hula, boti hupita juu. Zibeni mapengo bamvua lijalo. Shule iliyopanda 800 ikahesabu na kuziba ina msitu kuliko iliyopanda 5,000 ikaondoka.

Mashindano ya bao yanapangwaje?

Bao lina mistari minne ya mashimo manane, jumla 32, na kete 64. Kila mchezaji huanza na kete sita katika nyumba (shimo lake la mraba), mbili mbili katika mashimo mawili yanayofuata nyumba upande wa kulia, na 22 mkononi. Wachezaji 16 wa mtoano ni michezo 15. Ukiwa na mbao nne, raundi ya kwanza ni mikupuo miwili, na yote huisha siku moja mkiweka kikomo cha dakika 30. Tafuteni mzee mmoja wa barazani awe mwamuzi. Watoto hubishana zaidi katika kutakata (kusogeza kete bila kula), na neno lake huwanyamazisha. Kete zikipungua tumieni komwe, si vijiwe, kwa sababu vijiwe hujificha pembeni mwa shimo na hesabu hupotea.

Siku ya Kiswahili Duniani ni ya watoto wanaojua mashairi tu?

La. UNESCO iliitangaza siku ya 7 Julai mwaka 2021, na mwaka uliofuata ikaadhimishwa kwa mara ya kwanza. Kwa Waamu, watu wa Lamu, siku hii ni ya nyumbani: yawe na nafasi mashairi, vitendawili, majina ya samaki na sehemu za mashua, mjadala juu ya Kiamu (lahaja ya Lamu) na Kiswahili sanifu. Kwa watunzi wachanga wapeni utenzi, wenye mizani nane kila kipande, kabla ya shairi la mizani 16. Hesabuni kwa silabi mkipiga meza. Kosa la kawaida ni kulazimisha kina kwa neno lisilo na maana, na jingine ni kuwakataza watoto kutumia Kiamu. Mtoto anayesema "ndoo" kwa "njoo" hajakosea. Afunzwe lini atumie ipi.

Tamasha za drama na muziki ni lini, na safari inakuwaje?

Drama hufanywa muhula wa kwanza, fainali za kitaifa zikiwa karibu na Aprili. Muziki hufanywa muhula wa pili, kitaifa mwezi wa Agosti. Ngazi ni kaunti ndogo, kaunti, kanda ya Pwani, kisha taifa. Ngoma za hapa kama kirumbizi na goma hupendwa, lakini ziwe kamili: fimbo, kanzu, zumari. Igizo huanguka zaidi kwa kupitisha muda. Lipimeni kwa saa mara tatu mkiwa na mavazi kamili.

Kikundi kikifika kanda, safari ya Mombasa ni zaidi ya kilomita 300 kwa gari baada ya boti hadi Mokowe. Ondokeni alfajiri, msafiri mchana. Botini kila mtoto avae jaketi okozi lililofungwa, si la kukaliwa, na ngoma na mavazi yafungwe kwenye plastiki: ngozi ikilowa maji ya chumvi hailii tena siku hiyo.

Mbona michezo imewekwa asubuhi mapema Februari?

Kaskazi ni msimu wa jua kali. Kati ya Januari na Machi, mbio ziishe kabla ya saa nne asubuhi, na kila mtoto awe na lita moja ya maji. Mei ni masika. Msipange siku ya michezo.

Michango ni lazima?

Mtoto hazuiliwi kushiriki hafla ya shule kwa kukosa mchango. Kinachoombwa kiandikwe, kiasi na matumizi, na risiti itolewe. Asiye na pesa anaweza kuleta nazi, kuni au mikono miwili ya kupikia. Hesabu zibandikwe ubaoni ndani ya wiki mbili baada ya hafla, hata kama zimebaki shilingi 40.

Picha za watoto mitandaoni?

Kwa idhini ya mzazi ya maandishi pekee, bila jina kamili wala mtaa. Watalii walioko njiani wakati wa zefe waombwe kwa upole wasiwapige watoto picha za karibu. Mwalimu mmoja apewe kazi hiyo tu.

Mtoto wangu ana haya, au hawezi kutembea umbali mrefu. Ataachwa?

Asiachwe. Zefe ina watu wa kupokea msafara, igizo lina wa taa na mavazi, bao halihitaji miguu. Kwa kiti cha magurudumu, vichochoro vyenye ngazi havipitiki. Njia ya ufuoni ni tambarare, na zefe nzima ipitie huko badala ya kumtenga mtoto mmoja. Mjulishe mwalimu wa darasa angalau wiki mbili kabla, ili njia ichaguliwe mapema.

Barua ya ruhusa irudi lini?

Siku tatu kabla ya safari yoyote ya maji, ikiwa na namba ya simu inayopatikana siku hiyo, na ugonjwa wowote kama pumu au kifafa. Ruhusa ya mdomo getini haikubaliwi, hata mwenye kuitoa ni jirani wa mwalimu.